Uyoga wa Wafula

Mama,

Huku Kariobangi jua linachoma na moshi wa karakana umenipa sauti ya mwanamume, lakini nakula vizuri. Mwanao Wafula, na ule mgongo anaoutuliza kwa pombe, ameamua kujitibu. Alisoma kwenye simu kwamba ng'ambo madaktari wanajaribu uyoga wa kuleta maono kutibu maumivu sugu na ulevi. Mgonjwa analala amefunikwa macho, na mtu anakaa kando kumsikiliza. Basi akanunua uyoga wa mboga sokoni, mkewe Rosa akaukaanga, akaula, akajilaza kwenye kochi na leso usoni.

Jirani akachungulia, akadhani ni maiti. Punde si punde akina mama wa maombi wakaingia na sukari ya matanga! Walipomkuta hai hawakuondoka. Kila mmoja akaanza kumweleza yanayomuuma: magoti, mume, mkwe. Wafula kimya, akidhani ndiyo maono yenyewe. "Hata pasta hajawahi kunisikiliza hivi," Mama Achieng' akasema.

Sasa wanapanga foleni. Mgongo bado unamuuma, ila hapati nafasi ya kwenda baa. Rosa, aliyekuwa amefunga nguo arudi kwao, amezifungua. Anangoja zamu yake.

Nyonga yako ikizidi kuuma, njoo, mama yangu. Nitamwomba Rosa akupishe.

Nekesa wako