Kaka, Majibu ya Panya Yametoka

Kaka Silasi,

Majibu ya panya yametoka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu: "Acha hujambo-sijambo, sema kilichokuleta." Haya, hicho ndicho kilichonileta. Yametoka Jumanne, na tangu Jumanne sijamwambia mtu yeyote nyumbani, hata wifi. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na wewe huwezi kunijibu.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndiyo lugha tuliyokuwa tukigombana kwayo tangu utoto wetu kule Karagwe. Hapa Kigali watu wananifariji kwa Kinyarwanda, "ihangane, ihangane", vumilia, nami naitikia kwa adabu. Kwa Kinyarwanda nina adabu. Hasira zangu zote ziko kwenye Kiswahili, na ninazo, Kaka. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia hata yule fundi mwenzako aliyemalizia gari uliloliacha nusu. Kalipaka mlango wa nyuma rangi isiyolingana na mwili wa gari. Nililiona limeegeshwa Gisimenti nikasimama pale barabarani nikalia, mtu mzima mimi, kwa sababu ya mlango. Ungemtukana mpaka jioni.

Nataka nikuambie mambo kwa mpangilio, ingawa wewe uliyajua yote.

Jeki iliteleza, gari likakuvunja mguu, hospitali wakaufunga kwa chuma ndani, ukarudi nyumbani Kagarama unachechemea na kutania watu. Kisha kidonda kikaanza kutoa maji. Mtu mwenye akili angerudi hospitali. Wewe uliagiza kopo lako la gereji, lile la kapsuli za rangi mbili, nyekundu na njano, mnazopeana mafundi tangu enzi na enzi. Ukafungua kapsuli moja, ukanipa unga, ukasema, "Mwaga hapo, acha mambo ya shule."

Nami nikamwaga.

Mimi, Kaka! Mimi ninayeshinda maabara nikiandika jinsi wadudu wa maradhi wanavyozoea dawa zinapotumiwa ovyo ovyo. Nilimwaga kwa sababu nilipokuwa na miaka saba niliumia goti, ukanimwagia unga huohuo, nikapona. Nilimwaga kwa sababu baba alipokufa wewe ndiye uliyenilea, na sisi mbele ya mkubwa elimu tunaivua mlangoni pamoja na viatu. Sisemi unga ule ndio uliokuua. Daktari aliniambia wadudu huenda walishajificha kwenye kile chuma tangu mwanzo. Lakini wiki tatu tulizopoteza tukinyunyiza na kufunga kitambaa, hizo ni zetu, mimi na wewe. Zangu zaidi, maana mimi nilijua.

Ulipolazwa hatimaye, usaha wako uliletwa maabara kwetu, hapohapo hospitali. Niliuotesha mwenyewe kwenye sahani, nikapanga juu yake vile vipande vya karatasi vyenye dawa, kila kimoja na dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, wadudu hufa na duara safi hubaki kuzunguka kile kipande. Asubuhi yake nikafungua. Hakukuwa na duara hata moja. Wadudu wako walikuwa wametanda sahani nzima, wamepita juu ya dawa zetu zote kama hazipo. Nilirudia kipimo nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Siku ile nilikueleza wodini kwamba wamejifunika ute pale kwenye chuma, dawa haipenyi. Ukacheka. "Hilo nalijua, kutu haitibiwi kwa kupakwa rangi juu." Nikakueleza tunachojaribu: chembe za mafuta, ndogo kiasi kwamba hata hadubini yetu ya kawaida haizioni, dawa tumeifungia ndani, ili zipite kwenye ute na kuifikisha dawa kwa mdudu mwenyewe. Macho yakakung'aa. "Kumbe na wewe ni fundi wa kupuliza! Rangi ikisagwa vizuri ndiyo hushika." Tangu hapo kila nikija ulikuwa unauliza, "Wadudu wako hawajambo?" Nakwambia wewe ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kuielewa kazi yangu.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilipozijaribu zile chembe kwenye sahani yenye wadudu wako, duara lilitokea. Dogo, Kaka, lakini duara. Nilikuja wodini mbio, hata koti la maabara sikuvua, nikakuambia. Mgonjwa hasimuliwi kilichotokea kwenye sahani. Nilijua, na furaha ikanishinda.

Ukasema, "Basi nipige hiyo yako."

Nikakuambia haijaruhusiwa, hata panya hawajaipata bado. Ukasema, "Mimi si mkubwa kuliko panya?" Tukacheka wote, na wifi naye. Siku mbili baadaye homa ikiwa imekupanda uliniomba tena, na safari hiyo hukucheka. Uliniita jina langu kamili, Dorosela, ambalo hulitumii. Nikakukatalia. Nilikukatalia nikitazama chupa ya maji iliyokuwa juu ya kimeza, kwa sababu usoni sikuweza kukutazama.

Mara ya tatu ulimtuma wifi. "Mwambie aje." Basi, hayo tu. Sikuja. Nilidhani najua utakachoniomba, nikasema nina kazi. Siku nne nilikuwa na kazi. Ulikata roho Jumamosi asubuhi nami nikiwa nabandika majina kwenye vichupa, majengo mawili tu kutoka kitanda chako. Sina la kujitetea. Nilikuwa mwoga.

Tukakuzika. Baada ya mazishi tukaenda kukaraba, kunawa mikono kama desturi, watu wamepanga foleni wakimiminiwa maji na birika, kila mmoja sekunde mbili na kujipangusa kwenye suruali. Mimi nilibaki pale kwenye beseni nikisugua kama ninavyosugua kazini, katikati ya vidole, chini ya kucha, hadi shangazi akanishika kiwiko akasema inatosha, wengine wanangoja.

Wifi hajambo, kwa jinsi hali ilivyo. Ananipikia chai nikienda, ananiuliza habari za barabarani, habari za mvua. Za maabara hajaniuliza tena. Natamani anitukane.

Sasa hao panya. Walivunjwa mfupa, wakatiwa wadudu wako, kisha nusu yao wakadungwa zile chembe. Nilihesabu siku kama mtu anayengoja hukumu, maana kwangu ilikuwa hukumu. Wakipona, basi nilikunyima uzima kwa mikono yangu. Wasipopona, basi nilikuwa sahihi kukukatalia.

Hawakupona. Chembe hazikufika mfupani. Karibu zote zilikwama kwenye ini, mwili umezichuja kama takataka, na dawa ikabaki hukohuko. Panya waliodungwa walikufa sawasawa na wasiodungwa, wachache walitangulia. Ningekudunga, ungekufa vilevile, pengine na maumivu zaidi.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Nilidhani nitapumua, Kaka. Nilikaa kwenye kiti changu cha maabara nikaisoma karatasi ya majibu mara ya pili, ndipo nikagundua kwamba wiki zote zile nilikuwa naomba niwe nimekosea. Nilitaka panya wapone. Nilitaka nije kaburini kwako nikuombe msamaha kwamba nilikuwa na dawa na sikukupa, maana hapo angalau dawa ingekuwepo. Sasa sina kosa na sina dawa.

Mkuu wetu amesema tutabadilisha yale mafuta na kuanza upya. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Wadudu wako tunao kwenye friza, wana namba badala ya jina lako, na kila wanapohitajika mimi ndiye ninayewaamsha, ninawapa chakula na joto, wanazaliana vizuri sana. Ndugu yangu yuko chini ya udongo na waliomuua nawalea mimi. Kuna siku nashika ile sahani natamani kuipiga ukutani. Siipigi. Naiandika tarehe, narudisha.

Juzi ililetwa sampuli nyingine, ya binti anayeuza vitambaa Muhima, ameungua mguu. Jana nikafungua sahani: hakuna duara. Mama yake alinifuata kwenye korido akaniuliza kama kuna kitu kimebaki. Mdomo wangu ulishaanza kusema utafiti unaendelea, mama, nina kazi kidogo. Nikayameza maneno hayo. Nikamwambia, "Hakuna, mama." Akakaa chini palepale kwenye benchi, nami nikakaa. Kisha tukaenda wodini, nikavuta kiti upande wa pili wa kitanda. Binti alikuwa macho. Akaniuliza kama mimi ni daktari, nikasema hapana.

Lala, Kaka. Dawa siwezi kukuahidi, nilishakutia matumaini kwa mdomo wangu mara moja na unajua ilivyokwisha. Nakuahidi hiki tu ninachokiweza: kesho nitarudi kwa yule binti, na keshokutwa, na hiyo siku yake ikifika atanikuta kwenye kiti.

Nisamehe kwamba kiti changu kando ya kitanda chako kilikuwa kitupu.

Mdogo wako,
Dorosela