Sufuria ya Bokoboko na Jiko la Stima

Mshauri wangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwani nimefanya jambo ambalo nalijutia kila nikiingia jikoni, na humu nyumbani sina wa kumwambia, mume wangu aniambia ninyamaze, na yule ambaye ningetamani anikemee hata nilie ndiye asiyesema neno.

Mimi ni mke wa mtu, huu mwaka wa nane naishi Kibokoni katika nyumba ya mavyaa wangu Bi Swabaha, mama yake mume wangu Taib. Kwetu ni Voi, baba alikuwa karani wa reli, na mama yangu alifariki mimi ni mdogo, kwa hivyo nilipoolewa nilikuja na masanduku mawili ya nguo na upishi wa chai na ugali, na chai yenyewe ilikuwa yanuka moshi. Bi Swabaha hakunicheka. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, seredani ya makaa mbele yake, mimi kwenye mkeka ubavuni, na hapo ndipo nilipojua tui la kwanza na tui la pili, na samaki wa kupaka, na wali wa kupaliwa makaa juu ya kifuniko. "Weka sikio," akiniambia. "Maji yakinyamaza ndio upalie." Mshauri, miaka ile ilikuwa mizuri jamani! Mlango wa uani haukufungwa tangu adhuhuri mpaka magharibi, jirani huyu amekuja kuomba kaa la moto la chetezo cha udi, huyu bizari, huyu hana haja yoyote, amekuja kukaa tu, na mimi niliyelelewa nyumba ya wanaume tu nilikuwa nasikia raha mpaka nachelewa kuutia mchuzi chumvi.

Sasa nikueleze habari ya sufuria. Chini ya kitanda cha Bi Swabaha, imefunikwa kanga, ilikuwako sufuria ya shaba ya kupigia bokoboko, ule uji mzito wa ngano na nyama, nayo sufuria nzito, kitako chake mviringo kama tumbo la mtungi, ili mwiko upite kila mahali na ngano isigande. Kila harusi na kila hitima mtaani, mtu alikuja: "Hodi Bi Swabaha, tumekuja kuomba sufuria." Naye atauliza shughuli ni ya nani, atauliza siku gani, kisha atasema, "Haya, irudisheni na uzima." Ilirudi imesuguliwa kwa jivu na ndimu hadi yameta, na ndani yake bakuli la bokoboko lenye samli juu, hata siku moja haikurudi tupu. Mimi nilidhani ni ukarimu wake tu, anapenda kuazima watu vitu vyake.

Miaka mitatu nyuma Taib alituletea jiko la gesi la matundu mawili, tukaliweka juu ya kisanduku kifupi, Bi Swabaha akaendelea kukaa vile vile juu ya mbuzi yake, akanung'unika wiki moja kisha akazoea, kwa sababu moto aliuona, na sufuria ya mviringo ilikaa vizuri juu ya vile vyuma, miali ikaizunguka. Lakini mwaka huu siku moja mchana ule mtungi wa gesi ulivuja, sote tukatoka mbio mpaka barazani bila viatu, na Taib akaapa gesi hailali tena nyumbani mwake. Yeye ni karani ofisini huko Mbaraki, akasikia kuna Mzungu Kizingo arudi kwao Ulaya auza vyombo vyote, akaenda akanunua jiko la stima, la umeme, likaja kwa mkokoteni na mahamali wanne, jeupe pepepe, na vyuma vinne vyeusi juu, na tanuri chini, lanifika mimi kifuani. Watu wa kichochoro walikuja kulitazama kama waliokuja kutazama bibi arusi, na mimi, sikufichi, nilijiona.

Bi Swabaha aliingia, akaangalia huku na huku pa kukaa, hakupaona. Akaweka kiganja juu ya kile chuma cheusi, na mimi ndiyo kwanza nimelizima. "Lahaula! Moto gani huu usojionyesha?" Nilimpaka asali, kiganja kikapona, lakini tangu siku ile akawa yuko ghorofani, chakula napandisha mimi, na jikoni nikabaki mimi na jiko langu jeupe, nimesimama, hakuna aombaye kaa kwa sababu kaa hakuna.

Nikaona upweke, mshauri. Nikasema moyoni, nikipiga bokoboko juu ya jiko hili, kwa sufuria yake mwenyewe, na likatoka zuri, atashuka. Nikajaribu. Kile kitako kiligusa chuma mahali padogo kama senti ya tundu, saa nzima maji hata hayajapata uvuguvugu. Basi Bi Swabaha alipokwenda kwa dada yake kukaa siku mbili, nikaichukua sufuria mpaka kwa fundi wetu wa kutia sufuria bati, mzee Chonga, nikamwambia aitwange kitako kiwe bapa. Akaigeuza, akanitazama, akasema, "Umemuuliza mwenyewe?" Nikamjibu, "Mwenyewe ndiye mimi."

Akaitwanga. Nikarudi nayo nimefurahi, wallahi nilifurahi, na siku mama aliporudi nilikuwa nimeshabandika ngano na nyama na mdalasini, nikamshika mkono nikamshusha jikoni, nikamwambia, "Mama, tazama, sasa yakaa." Alipitisha vidole upande wa chini, pale kitako kinapokutana na ubavu. Akasema polepole, "Hii si yangu, mwanangu. Ni wakfu. Nyanya yangu aliiweka wakfu kwa watu wa mtaa huu, mimi nimeshikishwa tu." Akapanda ngazi. Na lile bokoboko likaungua pande zote kwenye kona, pale mwiko usipofika, tukalimwaga.

Leo siku ya kumi na mbili. Salamu ajibu. Chakula changu asema ameshiba, anywa chai na mkate. Bi Mwanakuu, jirani yetu wa mlango wa pili, amuoza binti yake Sheikha mwezi ujao, na juzi kanipigia kelele kutoka dirishani kwamba yuwaja kuiomba sufuria. Taib asema tuseme fundi ameiharibu alipokuwa akiitia bati, basi yatakwisha. Bi Swabaha alimsikia, akasema kutoka juu, "Msimsingizie mtu. Amana nilipewa mimi, nitajibu mimi."

Naomba uniambie, mshauri, ninyamaze kama atakavyo mume wangu, nimuache mama wa watu akaaibike kwa kosa langu, au niseme na mtaa mzima unijue? Na huyu mama, ambaye ndiye mama pekee niliyemjua, nitampataje tena?

Mkamwana mwenye majuto,
Mahfudha


JIBU

Mwanangu,

Majina yenu yote nimeyageuza, na mtaa pia. Harufu ya bokoboko lililoungua imenishinda kuigeuza, imenifika hapa mezani.

Nianze na kukugombeza, kisha tutaonana vizuri. Usinilaumie jiko. Jiko la stima ni chuma, halijui wakfu wala harusi. Kosa lako ni maneno matatu uliyomwambia yule fundi. Miaka minane unaona watu wanabisha hodi, wanaichukua, wanairudisha, na hata siku moja hukufungua kinywa ukauliza, "Mama, hii sufuria asili yake nini?" Umekaa na mtu anayekufundisha kusikiliza maji yanaponyamaza, halafu yeye mwenyewe anaponyamaza huna habari! Hebu!

Haya, pole. Najua ulifanya kwa mapenzi, ndiyo maana barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nililia kidogo, mtu mzima mimi. Nakumbuka siku aliyokufa baba yangu. Tulikuwa watoto watano na mama amepotewa na akili, hakuna aliyekumbuka kwamba watu watakuja na watakula. Nikafungua mlango wa mbele kutazama nje, nikaikuta sufuria imeshawekwa juu ya baraza yetu, ya shaba, kitako mviringo, na kanda la ngano ndani. Hatukuomba. Nani aliibeba mpaka pale mpaka leo sijui, na waliokuwa wakijua sasa wengi wako Kikowani chini ya mchanga. Nyumba ile ina watu wengine, na uani wamejenga choo. Lakini uzito wa sufuria ile nilipoivuta ndani bado uko mikononi mwangu. Sasa unaelewa ulichokipeleka kwa fundi?

Wewe unadhani mavyaa wako amekasirika. Soma barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba aliingia jikoni akaangalia pa kukaa, hakupaona. Mwanangu, mlimletea mama mtu mzima moto unaofika kifuani, mkamwacha amesimama! Kwanza mmemwondoa jikoni, kisha mkaharibu kitu kilichokuwa kikiwaleta watu mlangoni kwake. Huyo hana hasira, huyo ana hofu. Anaogopa kukutana na nyanya yake akhera akaulizwa amana iko wapi. Na hata kwa hofu hiyo, hakukutaja wewe. Amesema atajibu yeye. Ukimwacha ajibu, usiniandikie tena.

Na huyo Taib wako mwambie hivi, na umsomee kwa sauti: katika hadithi yote hii mtu mmoja tu aliuliza swali la maana, naye ni fundi. Aliuliza mwenyewe ni nani. Sasa ndiye mnataka kumpaka matope, na wateja wake ndio hao hao majirani zenu? Haya mambo hayafanywi na watu waliolelewa.

Kesho, ukishaswali alasiri, vaa buibui lako uende kwa Bi Mwanakuu kwa miguu yako. Usimngoje aje kwenu akamkute mama yako. Mwambie: sufuria nimeiharibu mimi, kwa ujinga wangu, mama hakuwako. Atapiga kelele. Mwache apige, ni haki yake, ana harusi. Mtaa utakusema wiki mbili, kisha atapatikana mwengine wa kusemwa. Halafu mrudie mzee Chonga, umuombe radhi kwa kumdanganya, umuulize kama anaweza kuirudishia tumbo lake na kuitia bati upya. Ijaribuni kwa maji, usiku kucha, na asubuhi mtazame chini kama pamelowa. Kama shaba imekonda na haifai tena, usijitie ujuaji mara ya pili. Nenda na mumeo kwa sheikh wa msikiti wenu mkaulize wakfu ulioharibika hufanywa nini, na atakalosema mlifanye nyinyi wawili, gharama yake yenu, na jina la nyanya yule lisipotee.

Jiko la stima libakie, mchemshie Taib maji ya kuoga na umwokee keki zake za ofisini. Lakini uani weka seredani. Weka mkeka wako, na weka mbuzi ya mama yako ubavuni kama zamani, iangalie mlango. Mlango uache wazi.

Kisha usipande ngazi kwenda kumlilia na kumwomba msamaha mara kumi, atachoka. Washa makaa. Bandika wali, ukae, uweke sikio. Na wakati ukifika usipalie. Mwite kutoka chini: "Mama! Maji yamenyamaza, nifanye nini?" Namjua mama wa namna hiyo, mwanangu, hawezi kukaa ghorofani akaacha wali uharibike. Atashuka akinung'unika, atakaa mahali pake, atakupokonya koleo. Hapo ndipo umwombe akufundishe kupiga bokoboko tangu mwanzo, kwa sufuria ya mviringo, mpaka mikono ikuume.

Ulimwambia fundi kwamba mwenyewe ndiye wewe. Ulikuwa umekosea, si yako, wala si ya mama yako. Lakini mama yako hana binti mwengine jikoni, na sufuria ile inahitaji mtu wa kuishika baada yake. Basi jifunze sasa, angali yupo. Ili siku watu wakibisha hodi na kumwita yeye, na yeye hayupo tena wa kuitika, ushuke wewe, uwaulize ni ya nani, uwaulize siku gani, kisha uwaambie, "Haya, irudisheni na uzima."