Sheria ya saba ya shangazi

Zamoyoni, upo? Nimekimbilia uani. Nimejiaibisha vibaya hapa kwa shangazi Mwanne, Kalangalala.

Unaukumbuka ule mchezo wa dadu aliotutungia marehemu baba kule Mwadui? Mmoja mchimbaji, mwingine dalali, mwingine mlinzi. Shangazi bado anazo sheria zake, zimeandikwa kwenye boksi la sabuni. Akaniomba nizipitie, eti mimi ndiye msomi.

Nikaanza kwa heshima. Mchezo mzuri sana, shangazi, ila sheria ya saba inauharibu: “Mchimbaji akilia, arudishiwe mawe yake yote.” Nikasema ni ya kitoto. Nikasema ifutwe. Nikauliza, tena kwa sauti, nani huyo aliyeiweka!

Shangazi akavua miwani.

“Tuliiweka mwaka themanini na mbili, kwa ajili yako. Ulilia mpaka jirani yetu Mama Tabu akaja na unga na kuni, akidhani tumefiwa.”

Unga na kuni, Zamoyoni! Msiba wa mawe ya kuokota!

Basi sheria ikafutwa, kwa kalamu yangu mwenyewe. Tukacheza, mimi mchimbaji. Mzunguko wa pili tu mlinzi akanikamata, mawe yote yakaenda.

Shangazi akanitazama: “Unalia, au tuendelee?”