Kesho Saa Tatu Natakiwa Niseme

Baba,

Leo naanza bila salamu, na najua unachukia. Kwako barua isiyouliza hali ya wagonjwa, wasafiri na mbuzi wa jirani haikuwa barua, ilikuwa karatasi tu. Lakini nimetoka kwenye mtihani wa kuandika Kiingereza, vidole bado vinaniuma, na kesho saa tatu asubuhi ni mtihani wa kusema. Nikianza na salamu sitafika ninakotaka kufika, na leo lazima nifike.

Nimekaa barazani kwetu, mtaani Ampisikina, kwenye kiti chako. Kaka Ali yuko kazini bandarini. Mama yumo ndani, bado yumo edani, mwezi wa tatu sasa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonifundishia barua. Mtaani tulisema Kimalagasi, shuleni Kimalagasi na Kifaransa cha kuokoteza, wewe na bibi mlisema Kingazija, lakini shangazi zako wa Unguja walitaka Kiswahili, na tangu nina miaka kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa karani wako. Wewe ulisema, mimi nikaandika. Ukurasa wa kwanza wote salamu, wa pili wote dua, na jambo lenyewe, kama lilikuwapo, lilijibanza chini kabisa karibu na sahihi.

Ndivyo nilivyojifunza kusema na watu. Hakuna posa iliyotoka mtaani kwetu bila wewe. Ulivaa kanzu, ukaingia kwa watu, ukawapa wakubwa kwezi yao, ile salamu ya heshima ya Kingazija, mmoja mmoja, ukataka samahani kwa kusema ilhali waliokuzidi umri wapo, ukataka samahani kwa sauti yako, ukataka samahani hata kwa kiti ulichopewa. Kisha ukawataja wazee wa nyumba ile, waliopo na waliotangulia. Nusu saa nzima, na msichana hajatajwa. Watu walikuwa wakijua vizuri umekuja kufanya nini, na bado walitaka uendelee. Mimi nilichungulia kwenye pazia na kujiona mtoto wa mtu mkubwa sana.

Sasa sikia nilichofanya mwaka jana, maana nilikwambia nimefeli lakini sikukwambia nimefeli vipi. Mtahini aliweka kadi mbele yangu. Nieleze kazi ambayo ningependa kuifanya, dakika mbili. Nikaanza kwa kumshukuru kwa safari yake ndefu kutoka Antananarivo. Nikamwombea apumzike. Nikasema mimi ni mdogo, Kiingereza changu ni kibovu, na wapo wanaostahili zaidi kuketi pale. Nikawashukuru walimu wangu kwa majina. Nilikuwa napendeza, baba, nilikuwa wewe mtupu. Ndipo nikavuta pumzi niseme kwamba nataka kuwa muuguzi, naye akainua kiganja akasema ahsante, muda umekwisha.

Kwenye kuandika ilikuwa vilevile. Walitaka barua ya kumlalamikia mwenye hoteli kwamba chumba kilikuwa kichafu. Mimi nikauliza hali ya watoto wake. Karatasi zinakusanywa, uchafu wenyewe nilikuwa bado sijaufikia.

Cheka tu. Siku hizi hata mimi nacheka kidogo. Lakini chuo cha uuguzi kule Mauritius kilikubali kunishikia nafasi mwaka mmoja tu, na mwaka unakwisha mwezi ujao. Bila cheti cha Kiingereza nafasi anapewa mwingine. Nina miaka ishirini na tisa, na wao hawachukui mtu aliyetimiza thelathini. Kwa hiyo mtihani huu ndio wa mwisho, hakuna wa tatu.

Ndiyo maana nilikwenda kisiwani Nosy Be. Wewe ulidhani nimefuata kazi ya mapokezi kwenye ile nyumba ya wageni ya Sakatia, kisiwa kidogo cha jirani. Kazi ilikuwa kisingizio, nilitaka wageni wanizoeze Kiingereza. Wageni wenyewe wakawa Wataliano. Nimekaa miezi na miezi nikijifunza kusema kwa Kitaliano kwamba maji ya moto yatarudi jioni.

Aliyenisaidia ni Madamu Voahangy, mwalimu mstaafu wa Hell-Ville, mjini Nosy Be, mwembamba, mkali, mwenye saa ya jikoni ya kupimia mayai. Kila Jumatano na Jumamosi nilivuka kwa mtumbwi, nikachukua teksi hadi kwake, naye akaitega ile saa mezani. "Jibu kwanza," alikuwa akisema. "Adabu baadaye." Nikisema azafady, samahani ya Kimalagasi, anapiga meza kwa rula. Nikimtaja mwalimu wangu wa zamani, rula. Siku moja nikamwuliza, lakini Madamu, na wewe unazungumza na watu hivi? Akanitazama akasema hapana, na watu sizungumzi hivi, na mtahini ndiyo. Maneno hayo nilitakiwa niyabebe yote. Nilibeba nusu.

Kwa sababu nilianza kupenda, baba. Nilipenda jinsi jambo linavyokwisha upesi ukilisema wazi. Nikawa nawakata watu maneno. Muuza samaki akianza habari za mguu wa mkewe namwuliza bei. Mwenye mtumbwi akianza habari za mwanawe namwuliza tunaondoka saa ngapi. Nilijiona nimeerevuka.

Ndipo ulipopiga simu.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa mlangoni kwa Madamu, nimechelewa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na ile saa naisikia inakwenda mle ndani. Ukaniuliza hali yangu. Ukauliza hali ya wenye nyumba, hali ya bahari, kama nakula vizuri. Ukasema mama ananisalimu, Ali ananisalimu, Bi Zaituni wa nyumba ya pili ananisalimu. Ukataka samahani kwa kunichukulia muda. Kisha sauti yako ikashuka, ukasema, "Mwanangu, binadamu hufika mahali katika safari yake..." Nami nikakukata. Nilisema, "Baba, una shida gani? Sema."

Nilisema kwa sauti ile ya mtihani. Nikasikia redio ya mama nyuma yako. Ukasema, "Hapana shida, mwanangu. Nilitaka kukusikia tu. Kasome."

Nikasoma. Siku hiyo Madamu alinisifu kwa mara ya kwanza.

Baada ya siku sita akapiga Ali. Salamu, mvua, barabara ya Antsohihy imeharibika kiasi gani. Halafu: baba hajisikii vizuri, ukiweza njoo. Alikuwa ametoka makaburini, viatu vyake vina udongo bado. Desturi yetu naijua, aliye mbali haambiwi, asije akaanguka njiani peke yake. Lakini niliamini nilichoambiwa, kwa kuwa nilikuwa nimejizoeza kuamini maneno kama yalivyo. Nikanunua mafuta ya kusugua kifua pale Hell-Ville, nikavuka bahari hadi bara, Ankify, nikapanda gari, na njia nzima nikawa napanga maswali ya kukuuliza: unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini. Nilipofika nikakuta mabenchi ya msikitini yamepangwa uani. Wanawake wamejifunika. Bi Zaituni akanipokea kikapu akasema, "Karibu, mwanangu. Keti kwanza." Nikaketi, na kikapu sikukiona tena.

Hakuna aliyeniambia, baba. Mpaka leo hakuna. Walisema umetutoka, umetangulia, umeitikia wito. Na mimi nikajibu hivyohivyo. Barua ya kazini nimeandika kwamba nimepata msiba. Huko Unguja nimewaandikia kwamba umetangulia mbele ya haki. Lile neno lenyewe halijanitoka mdomoni kwa lugha yoyote.

Na mambo mengine yamebadilika, nikuambie. Juzi walipeleka posa nyumba ya kona, wakamchukua Ali awe msemaji kwa kuwa ni mwanao. Alisema dakika tano akaketi. Watu wakatazamana. Msichana wamempata, lakini mama yake alinung'unika siku mbili kwamba binti yake amechukuliwa haraka mno. Ali amekonda. Amesema hataki kuombwa tena, na anakulaumu wewe, kwamba ungemfundisha.

Mimi nilirudi na ile saa ya mayai, Madamu aliniazima nilipopita kumuaga siku ya safari. Kila asubuhi naitega, naweka kadi mbele yangu, na siwezi. Nikianza kwa adabu nasikia rula. Nikitaka kujibu moja kwa moja naisikia sauti yangu mlangoni kwa Madamu, ile ile, una shida gani, sema. Basi nakaa. Dakika mbili zinapita, saa inalia, sijatoa neno. Nimefanya hivi karibu kila siku tangu nirudi. Kuandika naweza, leo nimeandika, walitaka barua kwa rafiki uliyekosa kuhudhuria arusi yake, nikasema sababu mstari wa kwanza na nadhani nimefanya vizuri. Karatasi haikutazami usoni. Mtahini wa kesho atanitazama.

Nilikuwa naogopa jambo jingine pia, na hili silisemi kwa mtihani. Nilikuwa naogopa kwamba ulikwenda ukiwa na donge juu yangu. Mtoto aliyemkata baba yake maneno ya mwisho, radhi anaipata wapi? Nimeswali, nimekuombea, nimekuja kaburini mara sita, na kila mara narudi bila kujua.

Leo nilipotoka kwenye mtihani, mama akaniita chumbani. Akaanza kama kawaida yake. Akauliza nimekula nini. Akataka samahani kwamba ananichosha. Akaingia habari za baraza hii ulivyoijenga, tofali lililopinda, fundi aliyekimbia. Akaingia habari za posa yake mwenyewe, kwamba wewe, msemaji wa mtaa mzima, siku yako ulikaa kwenye mkeka ukitetemeka na kusemewa na mtu mwingine. Karatasi zangu zilikuwa mezani zinaningoja. Nilitaka kuinuka. Nilishika ukingo wa kitanda nikabaki.

Akaniambia, "Mara nne nimeanza kukwambia, na kila mara unainuka."

Kisha akanieleza, taratibu, huku anakunja kanga aliyokwisha kuikunja. Asubuhi ya ile Jumatano ulitoka kwa daktari, na daktari alikwambia ni siku, si miezi. Mama alitaka niitwe. Ukasema utanipigia mwenyewe, unipe radhi yako kwa mdomo wako, kwa heshima inayostahili. Ulipoweka simu chini, mama akauliza umemwambia? Ukasema hapana, mtoto ana kazi, mimi ndiye niliyekuwa mrefu wa maneno.

Na tangu siku hiyo, baba, ukawa unajizoeza. Hapa hapa kwenye kiti hiki. Mama alikusikia kutoka jikoni. Kwanza ulipunguza salamu za majirani. Kesho yake ukaondoa za Ali. Uliondoa samahani moja moja, na kila ukiondoa ulianza upya, polepole, kwa kuwa pumzi ilikuwa haitoshi tena. Mama anasema ulikuwa unahesabu kwa vidole. Ulitaka yatoshe kabla sijachoka kusikiliza. Jumatatu ulimwita aje akusikie, ukamwuliza kama sasa yamekuwa mafupi. Ulikuwa umepanga kunipigia Jumatano, kabla ya somo. Jumanne ukaondoka.

Nikamwomba mama aniambie yalikuwaje, kama ulivyoyasema. Hakutafuta njia ya kuzunguka. Alinitazama akasema:

"Mwanangu, nakufa, na radhi yangu unayo."

Basi. Wewe uliyeshindwa kumtaja msichana kabla ya nusu saa. Ulitumia siku tano za mwisho, na pumzi uliyokuwa nayo, kujifunza kusema na mimi kama nilivyotaka. Na mimi nilikuwa Sakatia najifunza usemi huohuo kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Nimelia mpaka mama akaja kunikamata mabega. Sasa nimenyamaza, nimekaa hapa, na nimeielewa kazi ya kesho. Mtahini ataweka kadi yake, iwe ya kazi, iwe ya safari, iwe ya chakula, nitamjibu alichouliza bila kuzunguka, na sitaona haya kwa sauti yangu. Wewe uliipata hiyo sauti ukiwa mgonjwa. Mimi nina afya, siwezi kukosa.

Na ahadi yangu nyingine ni hii. Nikiwa muuguzi, mgonjwa akianza na habari za mbuzi wa jirani yake, nitavuta kiti. Sitamwuliza anaumwa wapi mpaka amalize. Hata wakinifukuza kwa uvivu.

Radhi yako imefika, baba. Imechukua miezi mitatu, lakini imefika. Nami nina jambo moja la kukwambia kabla mama hajaniita kula, na nitalisema kwa mdomo, hapa barazani, halafu ndiyo niliandike.

Baba, umekufa.

Umekufa, na mimi sikukusikiliza, na umenisamehe.

Lala salama.

Binti yako,
Fauzia