Sauti Safi ya Mama

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, ambaye ameniomba nikuambie kwamba bado anazo nguvu za kukugombeza. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Mimi sijambo. Habari za mama nitakupa kwa utaratibu wake.

Utashangaa kupata barua, ilhali huko kambini kwenu mnayo simu ya ofisi. Najua utawaambia wenzako kwamba kaka yako amezeeka, amerudi kwenye enzi za stempu. Sema upendavyo, lakini uisome mpaka mwisho, tena ukiwa umeketi.

Unakumbuka kwamba baada ya kustaafu ualimu nilipata kazi katika karakana inayotengeneza vifaa vya kusikia na kusafisha sauti za simu. Fundi mkuu wetu tunamwita Kinasa, kwa kuwa haachi neno lipite bila kulirekodi. Kazi yangu ni kusikiliza. Ninaingia katika chumba chenye kuta za sponji, ninavaa visikizi, kisha ninaletewa sauti za watu waliopiga simu penye kelele: kando ya mashine ya kusaga, chini ya bati wakati wa mvua, mbele ya lango la shule. Kila sauti huja kabla na baada ya kusafishwa, nami huipa alama. Sisi wasikilizaji hatuambiwi msemaji alisema nini hasa. Kinasa alitueleza kwamba tukiambiwa, masikio yetu yatapendelea. Niliuona utaratibu huo kuwa wa haki, kama mtahini asahihishaye bila kuliona jina la mwanafunzi.

Mama alipopatwa na kiharusi, ulilalamika kwamba kwenye simu husikii kitu ila mikwaruzo. Yeye naye akalalamika kwamba unaongea kama mtu aliyetumbukia mtungini. Nikamweleza Kinasa, akaja nyumbani. Alimvalisha mama kifaa kipya sikioni, akakiunganisha na kisanduku alichokifunga kwenye simu ya sebuleni, kisha akaomba sauti yoyote ya mama ya zamani ili mtambo uijue. Nikampa hotuba aliyoitoa arusini kwako. Mama, kwa ulimi wake mzito, akamwuliza kama anampima usikivu au anamposa. Na kama anamposa, wazee wake wako wapi.

Baada ya hapo ulinisifu mno. Ulisema sauti ya mama imerudi, utadhani msichana. Nilifurahi. Mimi huwa kazini mnapozungumza, na shemeji yako humwachia mama simu akatoka nje, ili muongee yenu.

Kisha ukaanza kuahirisha safari. Kwanza ulisema ni mkataba, halafu barabara, halafu ukasema huna haja ya kuharakisha kwa kuwa mama mwenyewe amekukataza usijisumbue. Nilimwendea mama nikamlaumu kwa kukudekeza. Akaniambia, akilivuta kila neno kwa taabu, kwamba hajawahi kukukataza. Kwamba kila upigapo anakuomba uje, nawe kila mara humjibu kuwa uko njiani. Akauliza kama kitindamimba wake anangoja yeye ageuke picha ya ukutani ndipo aje kumwamkia. Alicheka, nami nikacheka.

Jumapili nilibaki nyumbani. Ulipopiga, niliviunganisha visikizi vyangu na simu ili nisikie unachokisikia wewe. Mama alikuwa mbele yangu, magoti yetu yakigusana. Alikuwa akilia. Pumzi ilimkwama, midomo ikamtetemeka, na neno alilolitoa lilikuwa moja tu, njoo, akalirudia mpaka akachoka. Masikioni mwangu, mdogo wangu, sauti laini isiyo na kwikwi ilikwambia kwamba amekula vizuri na amelala vizuri. Ukacheka. Ukamwambia kwamba amekuzidi afya, na kwamba utakuja mwakani. Mama akaweka simu chini, akafuta uso, akaniagiza nikutandikie kitanda kwa kuwa umesema utafika kesho.

Nilimfuata Kinasa karakanani nikamtaka aseme kweli. Hakukasirika. Alieleza kwamba sauti inapokatika, mtambo hujaza pengo kwa yale ambayo watu wa namna hiyo huambiana kwa kawaida, mama na mwanawe. Nikamwuliza kuhusu kilio. Akasema kilio huhesabiwa kuwa kelele. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kama nimesahau ni nani aliyeupa mtambo huo alama za juu kabisa. Ni mimi niliyeupa. Nilizipa alama sauti zilizokuwa safi, wala sikuuliza hata siku moja kama zilikuwa za kweli.

Alikuja akakiondoa kisanduku sebuleni na kifaa sikioni mwa mama. Nilidhani yamekwisha. Kumbe kwa wakati huo mtambo ulikuwa umekwisha kuhamishiwa kwenye laini za simu zenyewe, na hotuba ya mama ilikuwa imehama nao.

Sasa nikupe habari niliyoichelewesha. Mama amelazwa tangu Jumatano. Haongei tena, na anapumua kwa mashine. Alhamisi ulipiga simu nyumbani, na shemeji yako ndiye aliyeipokea. Alikwambia huku akilia kwamba mama amelazwa, kwamba hali ni mbaya, uje upesi. Wewe ulicheka, ukamwita mama, ukamshukuru kwa dua zake, ukamtakia usingizi mwema. Shemeji yako alipiga ukelele akiliita jina lako mpaka jirani akaja mlangoni. Uliaga kwa upole, ukakata. Tangu hapo haigusi simu ile, hata ikilia.

Daktari hakunitajia siku. Ameniambia tu niwaite watoto wote wa mama, na mtoto asiyekuwapo ni wewe. Barua hii nimemkabidhi mkononi dereva wa kampuni yenu; panda gari hilohilo likirudi, hata kama bosi wako atanuna. Wala usianze kwa kupiga simu kuuliza kama haya ni kweli. Utajibiwa, tena utajibiwa vizuri.

Wasalimu wenzako wa kambini. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wanakusalimu. Salamu ya mama siiandiki, kwa kuwa hakuitoa, nami sitakuwa wa pili kumsemea.

Ni mimi,
Kaka yako mkubwa