Gari Lenye Mgongo wa Mbao

Jumatatu, 6 Juni 1994

Breki bado. Nimefungua silinda masta mara ya tatu, raba zimeliwa zote. Madukani hapa Lindi spea zimejaa siku hizi, soko huria, vitu vinatoka Dubai na Japani, ila ni za pikapu za Kijapani tu. Muuza spea kaniuliza gari langu la mwaka gani. Nilipomtajia akacheka mpaka akakaa kwenye galoni. Nimenunua raba za pikapu hivyo hivyo. Nitazisugua kwa msasa mpaka ziingie.

Mikono inanuka petroli. Ugali nao umenuka petroli.

Alhamisi, 9 Juni

Wiki ya kumi na moja tangu tupunguzwe kazini. Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi pale karakana, mwanamke peke yangu, halafu mtu anakuja na orodha. Tuliambiwa kila mmoja achukue kitu kwenye rundo la vyuma chakavu kabla wanunuzi wa chuma hawajaja kukatakata. Wenzangu wakachukua mabati, tangi, matairi ya trekta. Mimi nikachukua gari. Mpapai ulikuwa umeota kati ya bampa na radieta, na una mapapai.

Ni gari dogo la Kiingereza, milango miwili mbele, na nyuma limezungushiwa fremu ya mbao ya kweli iliyoshika vioo. Kusini yote sijaona la pili. Dada Roza, ambaye naishi naye, analiita kabati. Majirani wamedaka jina.

Mpango wangu hauna siri. Likitembea, litabeba maharusi. Nani asiyetaka kuolewa ndani ya gari ambalo mwenzake hana? Lisipotembea, nafunga virago kwenda Newala kulima kwa kaka, na walionicheka siku ya kwanza nilipovaa ovaroli watakuwa wamecheka kwa haki. Newala siendi.

Jumatano, 15 Juni

Gasketi ya silinda hedi ni ya shaba. Haipatikani. Nimeiweka kwenye makaa ikawa nyekundu, nikaitumbukiza majini, ikalainika kama mpya. Roza alilalamika kuhusu jiko lake. Nikamwambia jiko litapona.

Saa tisa alasiri injini imewaka. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Nimelia. Nimejifuta kwa kitambaa cha grisi, na sasa jicho moja linawasha.

Jumapili, 26 Juni

Injini nzuri, mbao mbovu. Leo baada ya Misa nimechomeka bisibisi kwenye fremu, ikazama yote. Mchwa wamekula ndani wakaacha rangi. Seremala wa vitanda amekuja, akatazama zile kona zilizopinda, akasema hii si kazi ya mtu mwenye akili zake, akaondoka.

Watu wa pwani wananiambia nimtafute Mzee Bakari. Fundi mashua, mtu wa kisiwa cha Songo Mnara huko Kilwa, yupo hapa mjini kwa mwanawe anatibiwa goti.

Jumatatu, 4 Julai

Mzee Bakari hana futi kamba. Anapima kwa shubiri, anafumba jicho moja, basi. Wala hapindi mbao. Siku mbili alinizungusha maporini akitafuta tawi lililopinda lenyewe kama kona ya gari inavyotaka. Anasema mbao uliyoilazimisha itakungoja ulale ijinyooshe. Goti bovu lakini porini ananiacha nyuma.

Nampenda huyu mzee. Hajaniuliza hata mara moja kwa nini mwanamke. Ananiita fundi mwenzangu.

Jumamosi, 9 Julai

Fremu imekaa. Mti wa mkongo mtupu, viungo vimeumana hata wembe haupiti. Nimezunguka gari mara kumi kama mwehu.

Na kazi imekuja. Harusi ya mjini, Jumamosi ijayo. Mama wa bibi harusi kaja mwenyewe kulitazama, kasema bintiye atakaa nyuma vioo vyote viwe wazi, watu waone. Kesho naenda Mtwara kutafuta mpira wa kioo cha mbele na rangi. Mzee Bakari nimemwachia kazi ya kumalizia mbao. Nilisema maneno hayohayo: malizia mbao, ipate mafuta.

Alhamisi, 14 Julai

Nimerudi. Nimelinusa gari kabla sijaliona.

Mzee ameipaka mbao sifa. Mafuta ya papa. Yale wanayopaka mashua. Makoti matatu. Kabla ya hapo viungo vyote amevikalafati kwa pamba iliyoloweshwa mafuta hayohayo ili maji yasiingie, kama vile nitalishusha baharini. Amesimama kando anasubiri sifa zake, uso umekunjuka. Anasema miaka thelathini fremu hii haitaguswa na mchwa. Na ni kweli. Hata mimi sitaweza kuigusa.

Nifanye nini? Nilisema ipate mafuta. Kwake yeye mbao ina mafuta ya aina moja tu. Nimemwamkia, nimemshukuru, nimeingia ndani nimegonga kichwa ukutani. Polepole.

Paka saba uani. Tuna paka mmoja.

Jumamosi, 16 Julai

Limau, majivu, sabuni ya mche, maji ya karafuu. Roza kafukiza udi mpaka moshi ukatoka madirishani, majirani wakadhani linaungua. Sasa linanuka papa aliyekufa katika nyumba ya kitajiri.

Mashangazi wa bibi harusi walikuja saa nne. Wa kwanza alifungua mlango, akaufunga. Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana. Bibi harusi amepelekwa na pikapu ya Kijapani iliyofungwa maua ya plastiki. Nimekaa ndani ya gari siku nzima, sitaki kuonekana.

Jumapili, 17 Julai

Sijaenda kusali. Sifa imechuruzika chini ya sakafu ya nyuma, huko ndiko harufu inakolala. Zile mbao za sakafu hatukuzigusa kwa sababu zilikuwa nzima. Leo nimeng'oa zote.

Chini yake kuna kisanduku bapa cha bati, kimefungwa kwa kipande cha mpira mwekundu, ule wa kutandika kitanda cha kuzalia. Ndani: mkasi, kibunda cha uzi, na kadi ya gari. Kavu kabisa. Jina la mwenye gari linasomeka: Mwanaidi, mkunga, Zahanati ya Mitole, Kilwa.

Kadi nimeiweka kwenye kopo la sukari. Roza hajaona.

Jumatano, 20 Julai

Karakana yetu haikuwahi kununua gari hili. Ningejua. Hakuna faili lake, niliwahi kutafuta. Liliegeshwa tu, nikalikuta pale nilipoajiriwa.

Huyo mkunga atakuwa amekufa. Au ameshalisahau. Au aliliuza, kadi ikasahaulika. Nimejiambia haya yote kuanzia asubuhi nikipaka rangi. Bluu. Limependeza. Harufu nayo imeanza kupungua, leo paka wawili tu.

Kadi ni kipande cha karatasi, kiberiti kiko jikoni. Nimesimama nacho mkononi. Nimewasha moto wa chai, kadi nikairudisha koponi.

Jumapili, 24 Julai

Nimemuuliza Mzee Bakari, kijuujuu, kama huko kwao Kilwa aliwahi kumsikia mkunga mmoja wa Mitole. Akaacha kula. Bi Mwanaidi? Yule wa gari? Kumbe nusu ya Kilwa wanamjua. Padri mmoja Mzungu alimwachia gari alipokwenda kwao, naye mkunga akajifunza kuendesha, akawa anachukua wajawazito vijijini usiku na mchana. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa wakubwa fulani wakaliazima, wasilirudishe.

Halafu akanitazama, akatazama gari. Mzee aliyelipaka makoti matatu hakuwa amelitambua, maana yeye ni mtu wa kisiwani, alilisikia tu kwa watu.

Nikauliza, yuko hai? Yuko hai, akasema. Akarudi kwenye sahani yake. Ningependa aongeze neno, nipate mtu wa kugombana naye.

Jumatano, 27 Julai

Roza nilimwambia Jumapili ileile.  Kasema hilo gari lilikuwa na mpapai tumboni, aliyelifufua ni mimi, na mkunga mwenyewe angeokota nini? Chuma cha kuuzwa kwa kilo. Ana haki kabisa. Nimelala na haki hiyo siku tatu, hainipi usingizi.

Najua mwenyewe ninavyoichukia ile orodha. Mtu alikuja na karatasi akaondoka na kazi yangu. Basi.

Nitalipeleka. Na niuandike hapa ukweli wangu wote: natumaini ataniambia nikae nalo. Bibi wa miaka sabini na ushee, gari atalifanyia nini? Atanibariki, nitarudi nalo, na kadi yenye sahihi. Hilo ndilo ninalolifuata Mitole.

Jumamosi, 30 Julai

Tumeondoka alfajiri, mimi na Mzee Bakari anayerudi kwao. Amekaa nyuma na kikapu chake, mkono mmoja kwenye fremu. Kwenye kizuizi cha Mchinga askari aliinama dirishani, akashika pua, akatupungia tupite bila kuuliza kitu. Mzee kasema unaona faida yake.

Barabara mchanga mtupu. Kwenye mto Mbwemkuru tumesukumwa na watu wa lori la ufuta. Injini haijachemka hata mara moja. Viungo vya mbao havijalia. Nilikuwa nasikiliza njia nzima kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto, na sikusikia kasoro. Hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Mzee ameshukia Nangurukuru, njia panda ya kwenda pwani kwao. Aliniambia fundi mwenzangu, nenda salama. Nimelala kwa watu hapahapa.

Jumapili, 31 Julai

Bi Mwanaidi ni mfupi, mkavu, macho makali. Alikuwa uani anapepeta mtama. Nikazima injini. Hakuinuka upesi. Aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaja. Shikamoo. Marahaba. Hakuuliza mimi ni nani.

Alilizunguka. Akagusa bodi, akagusa mbao. Akasema mbao si ile. Akasema, nani kakudanganya upake sifa? Nikaeleza yote: rundo la vyuma, mpapai, gasketi, Mzee Bakari. Nikampa kisanduku na kadi. Alipouona mkasi ndipo alipokaa chini.

Waliniambia wiki mbili, akasema. Mwanzoni nilikuwa nawatajia wajawazito, subirini, gari linarudi. Wawili walisubiri. Akaurudisha mkasi kisandukuni.

Halafu kanyoosha mkono. Sikuelewa. Ufunguo, mwanangu.

Nikampa. Nikakaa kwenye kigoda nasubiri yale maneno niliyoyafuata: umelihangaikia, kaa nalo. Nilisubiri mpaka chai ikaja, mpaka chai ikaisha. Ameshukuru sana. Ameniombea dua ndefu. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaingia garini, akaliwasha kama aliliacha jana, akazunguka uwanja mara mbili na kubomoa banda la kuku. Watu walimiminika kutoka kila nyumba. Kuna mama mtu mzima alikuwa anapiga vigelegele huku analia.

Mimi nililia pia, ila si kwa sababu ileile.

Jumanne, 2 Agosti

Nimerudi juu ya magunia ya ufuta. Roza kaniona naingia kwa miguu. Kaniwekea maji ya kuoga. Uani pamebaki alama ya mafuta.

Najuta. Niandike wazi, maana hakuna atakayesoma. Najuta, na kesho ningerudishwa nyuma ningempa tena, na ningejuta tena.

Jumatatu, 15 Agosti

Mashine ya kusaga ya kule Mtanda imekufa pampu ya dizeli. Mwenyewe kanifuata nyumbani. Kasema amesikia kwa madereva wa lori kuwa yupo mwanamke aliyetoa gari kwenye mpapai likafika Kilwa. Nimeitengeneza siku mbili. Jana kaleta pikipiki ya shemeji yake.

Kaka kaniandikia kutoka Newala anauliza nitakuja lini kulima. Nimemjibu asinisubiri.

Alhamisi, 1 Septemba

Hewa imetulia leo. Nimefua ovaroli.

Mchana dereva wa lori kaleta salamu kutoka Mitole. Bi Mwanaidi amekwisha peleka wajawazito wanne hospitali. Gia ya pili inaruka, na anasema asiliguse mtu mpaka fundi afike. Dereva kaniuliza ndilo lile gari langu la mbao? Nikamwambia hapana, ni la Bi Mwanaidi. Ni mara ya kwanza kulitamka hilo mbele ya mtu. Nilingoja liniume, halikuuma.

Nimepanga spana kwenye kikapu, na Roza amenifungia mkate wa kumimina. Lori linaondoka saa kumi na moja alfajiri.