Nimelirudisha Kosa Langu

Chumba cha mbele,
Juu ya ofisi ya shule ya udereva.
Jumapili asubuhi, tarehe 16.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mapacha. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia limeanza tena kukusumbua ukipanda ngazi na makapu ya mashuka ya hospitali. Waambie hao wakubwa wako wa dobi kwamba goti halina spea. Mimi ni mzima, ila mdomo ndio umechoka kwa kusema wiki hizi mbili, na bado sijamaliza.

Najua Kaka ameshakupigia simu. Mtu tuliyembatiza jina la Mwenyekiti tangu utotoni hawezi kukaa na habari hata nusu saa. Ameshakwambia kwamba nimemchongea mwanao kwa wakubwa wake wa kazi. Ndiyo, nimesema, na sikatai. Lakini sasa utayasikia kutoka kwangu, tangu mwanzo, bila kutia chumvi.

Yalianza miezi miwili iliyopita, siku ya Jumanne. Nilikuwa nampeleka mwanafunzi wangu kwenye mtihani, fundi cherehani mmoja mnene anayeogopa kila kitu chenye magurudumu. Tulikuwa tumechelewa, kwa hiyo usukani nilishika mimi. Tulipofika kwenye kivuko mbele ya shule ya msingi, mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa ameshaweka mguu barabarani. Nilimwona. Nakwambia wewe ukweli, Dada, nilimwona vizuri kabisa, nikajisemea nafasi ipo, nikakanyaga mafuta. Mzee akaruka nyuma, fimbo ikamponyoka. Mimi huyu, ambaye miaka kumi na tisa nawafokea watu kwamba kivuko si pambo la barabara! Kweli nyani haoni kundule.

Filimbi ikalia. Nikaegesha, na kwenye kioo nikamwona ni nani: Afande Hapana. Humjui, alianza kazi hapa baada ya wewe kuondoka. Ni msichana mwembamba, buti zake zinang'aa kuliko gari langu, na madereva wamempa jina hilo kwa sababu ndilo neno analolijua. Mwambie una mgonjwa nyumbani, hapana. Mtajie mkubwa wake, hapana, na anakuomba namba ya simu ya huyo mkubwa. Siku ile alimwokotea mzee fimbo kwanza, akamvusha, ndipo akaja dirishani kwangu. Nikamwambia kwa maringo kwamba mimi ni mwalimu wa udereva.

Akatazama kibao juu ya paa la gari. "Naona," akasema. "Ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa."

Loo, nilivimba! Fundi cherehani alikuwa anatazama nje ya dirisha, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokizuia. Jioni nikaenda kwa Kaka na ile karatasi ya faini, na nani nilimkuta mezani kama si Sukari wetu. Unamjua mwanao. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, na limemkaa. Tangu wamhamishie kwenye meza ya ofisini kule trafiki, yeye ndiye anayepokea nakala za faini zote kabla hazijaenda mbele. Akanyoosha mkono, akaniambia, "Mama mdogo, hiyo ndogo tu. Lete." Nikampa. Usiku ule nililala usingizi mnono, na sikujiuliza imefutwaje.

Sasa nisikilize vizuri. Wiki tatu zilizopita nilipeleka mafaili ya wanafunzi wangu trafiki, kama ninavyofanya kila Jumanne. Karani alikuwa anapigana na mashine ya fotokopi iliyokwama karatasi. Akanikabidhi rundo la makaratasi yake nimshikie, akaingiza mkono ndani ya mashine mpaka kwenye kiwiko. Nami unanijua, karatasi ikiwa mkononi mwangu lazima niisome. Juu iliandikwa kwamba askari fulani anaitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa uzembe: faini kumi na tatu alizoandika kwa mwaka mmoja imebidi zifutwe kwa sababu alikosea. Chini yake orodha. Mstari wa tisa ulikuwa na namba ya gari langu, na pembeni: "Askari alikosea. Dereva alisimama."

Dereva alisimama! Nilimuuliza karani askari mwenyewe ni nani, ingawa nilikuwa nimeshajua. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba ni Afande Hapana, kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo, na kwa makosa kumi na matatu hatoki salama. Watamvua sare. Akaongeza kwamba ni ajabu, maana mtoto wa watu alionekana makini.

Sikurudi hata shuleni. Nilienda moja kwa moja kwa Kaka, nikamkuta Sukari anapiga pasi sare yake. Nikamuuliza. Hakukataa, nampa haki yake. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwenye fomu ya kufuta faini kuna sehemu ya sababu, na lazima ijazwe. Ukiandika kwamba dereva ana dharura, wanataka cheti cha daktari. Ukiandika gari limeuzwa, wanataka kadi ya gari. Lakini ukiandika askari alikosea, hakuna anayeuliza kitu. Basi yeye miaka yote huandika hivyo. Askari wengine hukosea kweli, faini zao zinachanganyika na anazozifuta yeye, hakuna anayestuka. Ila Hapana anaandika faini nyingi kuliko wenzake wote, kwa hiyo nyingi za kufutwa zimekuwa zake.

Nikamuuliza, "Na yeye? Ulimfikiria?"

Akasimamisha pasi. "Sikumfikiria kabisa, Mama mdogo," akasema. "Kwani mimi nimechukua hata shilingi ya mtu?"

Hilo ndilo lililonichoma. Hajachukua kitu kwa mtu, naamini. Alimfutia kinyozi wake, fundi wa friji, mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu, na mimi. Anafuta kwa moyo mzuri, kwa sababu hawezi kumwona mtu amenuna mbele yake. Lakini wema huo alikuwa anaugawa kutoka mfukoni mwa msichana mwingine, na huyo msichana hajui hata nani anampekua.

Nilimpa muda mpaka Alhamisi ya wiki ile ya kikao. Nilimwambia aende mwenyewe kwa mkuu wake aseme, na mimi nitakuwa nyuma yake nikiwa na kosa langu. Alhamisi ikafika, hajaenda. Badala yake Kaka akaitisha kikao cha ukoo sebuleni, viti vimepangwa kama kwenye mkutano wa hadhara, tena kwa ajili yangu mimi peke yangu. Akasema damu nzito kuliko maji. Akasema yule msichana ni mgeni, hana mtu hapa, atapata kazi kwingine. Akasema na la mwisho, kwamba wewe Dada hutanisamehe mpaka kaburini.

Nikamwambia, kama hana mtu hapa, basi kuanzia kesho anaye. Na Kaka akikupigia tena, hebu muulize swali moja: kwenye ile orodha yeye alikuwa mstari wa ngapi? Mimi nitakwambia. Wa nne. Kuegesha kwenye kona, mbele ya zahanati. Ndiyo maana sauti ilikuwa kubwa vile.

Ijumaa nikavaa gauni langu la bluu na viatu vya kufunga, nikaenda. Kwenye mlango wa chumba cha kikao askari akaniuliza nimeitwa na nani. Nikamwambia nimejiita. Ndani walikaa maofisa watatu nyuma ya meza ndefu, na katikati ya sakafu alisimama Afande Hapana, kofia kwapani, macho ukutani. Hakugeuka nilipoingia. Ofisa mwenye miwani alitaka nitolewe, lakini nilikuwa nimeshaanza, na nikianza unajua.

Nilisema mstari wa tisa ni mimi. Nilisema sikusimama. Nilieleza mzee, fimbo, na mguu uliokwisha kuwa barabarani. Nilisema fundi cherehani alikuwepo, na yuko nje kwenye benchi anatetemeka, lakini atasema. Nilisema askari huyu hakukosea hata herufi, aliyekosea ni mimi, na aliyeniandikia uongo ni mtoto wa dada yangu niliyembeba mgongoni.

Mwenye miwani akaniuliza kama ninaelewa kwamba mwalimu wa udereva akiwa na kosa la kivuko anasimamishwa kufundisha miezi mitatu. Nikamjibu kanuni hiyo naifundisha kila Jumatatu saa tatu, hahitaji kunisomea. "Niandikieni faini yangu," nikamwambia. "Ni yangu, naitaka."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kikao kilivunjwa, zile kumi na mbili nyingine zinachunguzwa upya, na Jumatatu Afande Hapana alirudi kwenye kivuko chake. Gari langu la kufundishia limelala chini ya turubai mpaka miezi mitatu iishe. Fundi cherehani hatimaye alifaulu mtihani wake juzi bila mimi, akaja kuniambia kwamba ameegesha vizuri kwa sababu hakuna aliyekuwa anamfokea. Watu hawana shukrani! Stakabadhi ya faini nimeibandika ukutani darasani, pale pale palipokuwa na cheti changu cha mwalimu bora.

Na Sukari ameondolewa kwenye meza, yuko nyumbani anasubiri kuitwa. Hasemi na mimi. Jana nilimkuta sokoni, akavuka upande wa pili. Niliumia, sitakuficha. Mtoto niliyemkatia kucha! Nilirudi nyumbani nikalia mpaka mto ukalowa. Lakini ukiniuliza kama nitayameza niliyoyasema, siyamezi. Hata mje ukoo mzima na viti vyenu.

Nina ombi moja kwako, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Mpigie mwanao. Mchunguzi ataita watu mwisho wa mwezi huu. Sukari akiandika mwenyewe majina yote kumi na mawili na kwenda nayo kabla ya siku hiyo, atakuwa mtu aliyekosea akakiri. Akisubiri wayachimbue, atakuwa mtu aliyefichwa na mama yake. Mimi hanisikii, Kaka anamwambia akae kimya, kwa sababu ya ule mstari wa nne. Umebaki wewe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nawe huko uliko utalia peke yako.

Tena usije ukasema hayakuhusu. Ulipokuja likizo mwaka juzi ukakamatwa kwa mwendo na lile gari la kukodi, Sukari alikufutia, tukacheka wote mezani mpaka chai ikatupalia. Mimi nilicheka kuliko nyinyi. Tangu nishike ile orodha najiuliza siku ile alikosea askari gani kwenye karatasi, na yuko wapi sasa. Hatukuuliza, Dada. Hata mmoja wetu.

Kwa kuwa sina gari, siku hizi natembea. Alhamisi nilifika kwenye kile kivuko nikiwa na mfuko wa mboga. Afande Hapana alikuwepo. Nakiri kwamba nilijitengeneza uso, nilitegemea japo atanipa mkono. Hakunipa mkono, wala hakutabasamu. Aliniashiria nisubiri ukingoni kama wenzangu, akangoja mpaka tuwe watu watano, akainua kiganja, na magari yote yakasimama, na la mkuu wa kituo likiwemo. Nilivuka taratibu. Sijawahi kuvuka barabara nikiwa na raha namna ile.

Nisalimie shemeji, wabusu mapacha, na yule jirani yako anayekupa lifti asubuhi mwambie afunge mkanda. Mungu akuponye goti, akupe na moyo wa kumpigia mwanao simu leo, si kesho. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila umpigie yeye kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukiichana barua hii,

Kitindamimba